Miche iliyo katikati ya mhogo na mpira, nitajuaje kama ni chotara kweli?

mtafiti_Mtama: Wadau habari za jioni, naombeni msaada. Huku Lindi pembeni ya mashamba ya mihogo kuna ile mipira ya zamani (Manihot glaziovii, si ule mpira wa Hevea), miti ya utomvu yenye asili ya Brazili, siku hizi inajiotea yenyewe tu. Sasa karibu nayo naona miche ambayo si mhogo si mpira, majani yako katikati na mizizi migumu. Nataka nipime kwa vinasaba ila bajeti ndogo, nitengeneze maka (alama za DNA za kutofautisha mimea) zangu mwenyewe au?

majani_mabichi: Usijichoshe kutengeneza upya mkuu. Maikrosatelaiti za mhogo, yaani maka za vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, zilishachapishwa nyingi tu na baadhi zinashika hata kwenye mpira, maana wote ni wa jenasi moja, Manihot, na wote wana kromosomu 36. We zijaribu kwanza kwenye mihogo halisi na mipira halisi, hiyo mipira kaichukue mbali kabisa na mashamba, halafu baki na zile ambazo vipande vya huyu na yule havilingani urefu. Chotara wa kwanza ataonyesha vyote viwili kila maka. Ukikuta baadhi ya maka zina viwili na nyingine za mhogo tupu, huyo ni mtoto wa chotara aliyezaa tena na mhogo.

Naliendele_njiani: Hapo kuna mtego jamani. Miaka ya 1930 pale kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, watafiti Storey na Nichols walichanganya mhogo na huo huo mpira kutafuta ukinzani wa batobato (ugonjwa wa virusi wa majani ya mhogo), wakazalisha chotara tena na mhogo mara kadhaa, na damu ile imeingia kwenye mbegu nyingi tunazolima, vipande virefu kabisa kwenye kromosomu ya 1 na ya 4. Kwa hiyo alama moja ya mpira ndani ya mhogo haithibitishi kwamba wamekutana shambani kwako juzi! Tawanya maka zako kromosomu zote, na pima pia mbegu za wakulima wa jirani.

majani_mabichi: Kweli kabisa, hilo ni la msingi. Ongeza na maka za kloroplasti (chembe za kijani za jani, zina DNA yake), hizo hutoka kwa mama tu, utajua nani alibeba mbegu.

mtafiti_Mtama: Asanteni sana. Na utofauti wa vinasaba je, nihesabu kila shina?

Naliendele_njiani: Hapana, mhogo tunapanda vipingili, shamba zima linaweza kuwa mmea mmoja. Wanaofanana maka zote hesabu mmoja. Majani chukua machanga yasiyo na batobato, weka kwenye silika jeli (punje za kunyonya unyevu) siku hiyo hiyo, joto la huku halisubiri.