Tupeane uzoefu: virusi yenye inaingia ndani ya .exe (mafaili ya programu), mulitoka nayo namna gani?

Wa Himbi, Goma (mwenye mada)
Habari zenu wandugu. Mashini ya nyumbani imeshikwa na Sality, ile virusi ya tangu 2003, nilifikiri ilishakufaka kumbe iko tu. Flashi ya michezo ilipita hapa kutoka kwa watoto wa jirani, kesho yake Task Manager inasema imefungwa na administrateri, regedit (ya kurekebisha registre, pale Windows inaweka mipangilio yake) vile vile, antivirusi haifunguki ata ubonyeze mpaka kidole kichoke. Modi ya usalama (kuwasha Windows na vitu vichache tu) nayo inatoa ekra ya bluu. Ni Windows 7, ndani kuko picha za familia na karatasi za shamba za muzee, kwa hiyo sitaki mutu wa kuniambia "formate". Mwenye ilishamukuta atupe vile alifanya, siyo vile alisikia.

Wa Birere, Goma
Formate tu mambo iishe 😂

Wa Nyawera, Bukavu
Pole yaya. Ile ekra ya bluu siyo Windows imekufa, Sality inafutaka makusudi funguo za SafeBoot (zenye modi ya usalama inategemea) ndani ya registre ili usipate pa kuingilia. Mimi niko na sekretaria, fotokopi na kupiga TFC (kazi za mwisho wa masomo) za wanafunzi, yani flashi za Bukavu muzima zinapitaka kwangu, na wakati wa kudepoze TFC njo mbaya zaidi. Kuko ile virusi nyingine ya kuficha dosie na kuacha shotikati, ile haina neno, unapiga attrib (amri ya kufichua mafaili) vitu vinarudi. Hii hapana. Hii inajishonea ndani ya kila .exe na .scr (mafaili ya screensaver), sasa antivirusi yenye unainstale juu yake nayo ni .exe, inaambukizwa ikingali inaamka, unaskane, inakuambia imetibu, unazima unawasha, zote zimerudi, unaanza kufikiri kuko mutu anakuloga.

Kitu kilinisaidia ni kuacha Windows ilale. Nilienda kwa mwenzangu mwenye mashini safi, tukashusha Kaspersky Rescue Disk, antivirusi yenye inawaka bila Windows (inakula mega nyingi, ujipange), tukaiweka kwenye flashi na Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia mashini), nikawasha mashini kupitia hiyo flashi. Inakuja Linux yake ndogo (mfumo mwingine, siyo Windows), virusi inakuwa faili tu kama faili zingine, haiwezi kujitetea juu hakuna mwenye ameifungua. Skane ilienda usiku muzima, katikati umeme ukaondoka na desktop haina batri, nikaanza upya kwa solari ya jirani. Na tafazali chagua kutibu kwanza, siyo kufuta! Ukifuta kila kitu inakuonyesha utafuta na .exe za Windows yenyewe, halafu utasema Bukavu walikudanganya.

Wa Katuba, Lubumbashi
Yangu ilikuwaka Neshta, virusi nyingine ya .exe. Fundi mmoja alikuja, akaona svchost.com ndani ya dosie ya Windows, akafuta, akasema imeisha, akapokea makuta yake akaenda. Toka hapo hakuna .exe ata moja inafunguka, ata kalkuleta. Yani Neshta ilikuwa ilishabadilisha registre, kila .exe unafungua inapita kwanza kwa svchost.com, sasa ametoa hiyo svchost.com lakini Windows bado inaitafuta. Nilikopi regedit.exe, kopi nikaipa jina regedit.com, hiyo ikafunguka juu .com haipitiake ile njia, nikaenda HKEY_CLASSES_ROOT\exefile\shell\open\command nikarudisha "%1" %* vile ilikuwaka, kisha njo nikaskane na antivirusi ya Dr.Web CureIt. Alama yake: inajibandika mbele ya programu, kila .exe inanenepa baiti 41,472. Lakini ukiona svchost.exe ndani ya System32 usiiguse, ile ni ya Windows.

Wa Kadutu, Bukavu
Ninyi mulibahatika, Neshta inatibika vizuri. Mimi ilikuwa Virut, nayo virusi ya .exe. Ile iliandikwa vibaya, inaharibu .exe yenyewe wakati wa kuingia, antivirusi inasema "imetibiwa" lakini programu haifanye kazi tena. Na inaingiaka ata kwenye .html (kurasa za saiti), dosie yangu ya saiti yote ilijaa iframe (mistari ya kuita ukurasa mwingine kwa siri). Watu wa Poland walikamata madomeni yake (anwani za internet zenye ilikuwa inapokelea amri) mwezi wa kwanza 2013, lakini flashi ya Kadutu haisikilizake habari za Poland. Mimi niliformate, na sioni haya.

Wa Majengo, Goma
Samahani mimi si mutu wa mashini, picha zangu za harusi za JPG nazo zinaambukizwa?

Wa Kadutu, Bukavu
Hapana dada. Picha, muziki, PDF, Sality haiziingie. Zikopi ukiwa ndani ya ile Linux ya Rescue Disk, siyo ndani ya Windows. Chenye hauchukue ni .exe, .scr, na .html, juu Ramnit, virusi nyingine, nayo inaandikaka ndani ya html. Ata ile setup ya Office umeweka tangu zamani, iache.

Wa Himbi, Goma (mwenye mada)
Nimefanya ya mukubwa wa Nyawera, asanti sana. Imetibu karibu zote, kuko setup zimekataa nikafuta. Task Manager imerudi. Lakini modi ya usalama bado bluu.

Wa Nyawera, Bukavu
Hiyo skane haiirudishe, funguo za SafeBoot zenye zilifutwa zinabaki zimefutwa. Kaspersky walitoaka SalityKiller na mafaili ya .reg ya kurudisha SafeBoot, chukua ya Windows 7, ubonyeze mara mbili, ukubali, uwashe upya. Na jambo lingine: Windows 7 haifunguake yenyewe autorun ya flashi (programu yenye inajianzisha ukichomeka), XP njo ilikuwa inafungua mpaka Microsoft walitoa apdeti mwezi wa pili 2011. Kwa hiyo hapo nyumbani kuko mwenye alibonyeza ile game kwa mukono wake.

Wa Himbi, Goma (mwenye mada)
Nimeuliza, wote wanakataa 😂 .reg imekubali, modi ya usalama inafunguka. Flashi naiskane sasa mbele ya kuirudisha kwa jirani, na mashini yao nayo nitaenda kuiona kesho, juu hii kitu ilitoka kwao.