Tupeane uzoefu: kijiji chenu mnakishikaje wakati watu wako Dar, Houston, London na Muscat?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa Kimara, kwetu ni Mamba, Vunjo, pale chini ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka juzi bibi yetu alifariki, grupu la kijiji likajaa pole na michango siku tatu mfululizo, hela ikapatikana haraka hata sikutegemea, halafu wakati tunaandika wasifu wa marehemu, mpwa wangu aliyeko Houston ananitumia meseji, anko hivi bibi jina lake hasa ni nani? Miaka yote kamjua kama Bibi Moshi tu. Aisee niliumia. Sikumlaumu dogo maana hakuna aliyewahi kumwambia, grupu letu lilikuwa linaamka mtu akifa, tukishazika linalala.

Desemba iliyofuata nilivyopanda nyumbani nikamwomba babu mdogo tutembee naye kufuata mfongo, ule mfereji wetu wa maji, kuanzia juu hadi barabarani, kila kihamba (shamba la migomba la familia) tunachopita ananiambia alikaa nani, alioa wapi, watoto wameelekea wapi, nani kazikwa kwenye migomba ile, haya masale ni mpaka wa nani na nani. Yeye anaongea Kivunjo, mi narekodi na simu. Niliporudi Dar nikawa narusha vipande vya dakika mbili mbili kila Jumapili na chini yake naandika Kiswahili. Wale madogo ambao hawajawahi kuandika kitu zaidi ya amina wakaanza maswali, kumbe sisi na kina fulani ni ukoo mmoja? Binti mmoja wa Minnesota akaanza kuchora ramani ya mfongo wote na vihamba vyake, kila Jumapili anaongeza. Gharama yake bando tu.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Semeni na yaliyofeli.

Mdau, Tabata
Sisi wa Bukoba kilichofeli ni hela. Tulichangishana zahanati, walioko Ulaya wakatoa kwa moyo kabisa, mweka hazina akawa haleti hesabu, watu wakajitoa mmoja mmoja na hadi leo kuna ndugu hawasalimiani. Sasa hivi grupu la michango liko peke yake na hesabu inasomwa kila mwezi, grupu la watu ni lingine na huko hela haitajwi.

Kilichotushika ni senene jamani. Novemba ikifika kule omuka, yaani nyumbani kijijini, mama zetu wanakamata, wanachambua mabawa na miguu, wanakaanga, na mtu yeyote anayesafiri anabebeshwa mzigo. Dada yangu kazalia Reading, Uingereza, mwanae anajua kabisa senene za bibi na za shangazi zinatofautiana chumvi, na zikiisha anapiga simu mwenyewe anaanza na "kampire waitu", salamu ya Kihaya, bila kusukumwa na mtu. Mama akikata hiyo simu siku nzima ana furaha.

Mdau, Magomeni
Kwetu Makunduchi, Unguja, tuna bahati ya Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya. Kila Julai watu wanarudi, wa Dar wanavuka na boti, wa Muscat na Dubai wanaomba likizo mapema, wa kusini na wa kaskazini wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinachomwa moto, kinamama wanaimba, na siku ile kula bila mgeni si vizuri. Asiyeweza kuja tunampigia video. Ila mimi hofu yangu iko kwenye Kikae, lahaja yetu ya Makunduchi, kizazi cha mjini kinaongea Kiswahili cha kawaida, nyimbo wanaitikia ila maneno hawayaelewi. Hiyo ya kurekodi wazee naichukua leo leo kwa sababu shangazi yangu bado yupo.

Mdau, Mbezi
Msisahau ardhi. Kaka yangu kachukua uraia wa Marekani, uraia pacha kwa mtu mzima hatuna na kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ilivyokuwa wakati ule asiye raia alikuwa hamiliki ardhi ila kwa uwekezaji, kwahiyo baba alituita wote tukakaa chini akasema shamba liandikwe kwetu tuliobaki lakini chumba cha kaka kisiguswe. Ufunguo nautunza mimi. Kaka alilia kwenye simu.

Mwanzisha uzi
Asanteni sana, hilo la chumba limenigusa. Mdau wa Magomeni, anza na shangazi wiki hii, usisubiri Julai, na umuulize majina ya watu kwanza kabla ya nyimbo.

Sisi tumeanza pia Zoom, Jumamosi saa tatu usiku ya Dar, London jioni, Houston mchana, mtu wa Muscat ndo anachelewa kulala. Jumamosi hii babu mdogo anaelezea walivyokuwa wanapeana zamu ya maji ya mfongo. Mpwa wangu yule kaomba amuulize yeye na sio mimi, kaandika maswali matatu kwa Kivunjo kanitumia nimsahihishie, la kwanza anauliza bibi yake alikuwa anachota maji sehemu gani.