Kikompyuta cha kufunga ghala la korosho: Raspberry Pi 5, SMARC au PC/104?

Ghala_Masasi:
Wakuu habari za humu. Chama chetu cha msingi hapa Masasi kinataka kufunga vipima joto na unyevu ghalani kabla minada ya Oktoba haijaanza. Korosho ikishika unyevu inaota ukungu, daraja linashuka, na anayeumia ni mkulima wakati mzigo uko mikononi mwetu. Nahitaji kikompyuta kimoja cha kukusanya vipimo, kitume taarifa kwa mtandao wa simu, na kidumu miaka. Umeme unakatika ovyo, kwa hiyo tutaweka sola na betri ya volti 12. Nimeletewa mapendekezo matatu: Raspberry Pi 5 (kompyuta nzima kwenye bodi moja), moduli ya SMARC (kompyuta ndogo inayochomekwa kwenye bodi nyingine), na PC/104 (bodi za viwandani zinazopandana). Bei zinapishana mno. Naombeni ushauri.

Fundi_Mikindani:
Mkuu, anza na umeme. Pi 5 inataka volti 5, ampea 5 ili ifanye kazi kwa uwezo wake wote, kwa hiyo kwenye betri yako lazima kiwepo kishusha volti cha uhakika. Bodi nyingi za viwandani zinapokea volti 9 hadi 36 moja kwa moja.

Halafu kuna kadi ya memori. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, mafaili yanavurugika, na asubuhi mlinzi anakuta taa inawaka lakini kifaa hakiamki. Tafuta bodi yenye eMMC, yaani memori iliyochomelewa kwenye bodi yenyewe. Hata hiyo si kinga kamili: panga mfumo endeshi uwe wa kusomwa tu, vipimo viandikwe sehemu yake ya pembeni.

Walio pwani waangalie na chumvi. Juzi nimefungua boksi lililofungwa jirani na mashamba ya chumvi, pini za soketi ya mtandao zimeota kutu ya kijani kabisa. Bodi yenyewe ilikuwa imepakwa vanishi ya kinga, na ilikuwa safi.

Nachingwea_Umeme:
PC/104 naiheshimu sana. Konsotia yake ipo tangu 1992, bodi ni milimita 90 kwa 96, zinapandana moja juu ya nyingine na kukazwa kwa skrubu pembeni, kwa hiyo mtikisiko hauzisumbui. Ndiyo maana zimeingia sana kwenye magari na mitambo ya jeshi. Ghala halitikisiki. Utalipia uimara usiouhitaji.

Dada_Saketi_Lindi:
Kaka Ghala, mimi nakuomba uulize swali moja kabla ya bei: bodi hii ikifa baada ya miaka saba, nani mwingine anatengeneza inayokaa palepale?

SMARC ni kiwango cha wazi kinachosimamiwa na SGET, jumuiya ya viwango vya kompyuta za kupachika. Moduli ndogo ni milimita 82 kwa 50, inachomekwa kwenye soketi ya pini 314. Congatec, Kontron na Advantech wote wanazitengeneza, zenye prosesa za ARM na za Intel. Bodi ya chini, yenye soketi zako zote, inabaki. Unabadilisha moduli tu. Huko ndiko tasnia nzima inakoelekea: kompyuta inatenganishwa na kinachoibeba. COM Express, kiwango kingine cha moduli, iko njia hiyo tangu 2005, ila ile ni ya mitambo mikubwa, iache.

Pi 5 ni bodi ya kampuni moja. Mwaka 2021 na 2022 chipu zilipoadimika duniani, Pi zilitafutwa kwa tochi. Ila wamekusahaulisha njia ya kati: Compute Module 4 ya Raspberry Pi, moduli ya kuchomeka ya milimita 55 kwa 40, inayopatikana na eMMC. Umbo lake limeigwa na wengine kama Radxa, na Compute Module 5 ya 2024 imelifuata. Hakuna chombo cha viwango kilicholiidhinisha, lakini sokoni limeshakuwa kiwango. Kwa ghala moja ningechukua hiyo, kwenye bodi ya chini inayopokea volti 12. SMARC ningeitetea kama union nzima ya vyama vya msingi inafunga maghala yake yote.

Newala_Kwetu:
Kwa vipimo vya joto na unyevu peke yake ESP32, kile kichipu kidogo cha kudhibiti vifaa, inatosha, wakuu. Umeme inaokula ni kidogo sana, na haina mfumo mkubwa wa kuvurugika.

Dada_Saketi_Lindi:
Kweli kabisa, kama hawatahitaji kamera wala kutunza kumbukumbu za msimu mzima palepale ghalani. Ghala, mnazihitaji?

Ghala_Masasi:
Kumbukumbu ndiyo, dada. Mkulima akija kuuliza, tumwonyeshe vipimo vya tangu siku mzigo wake ulipopokelewa. Basi napeleka Compute Module 4 kwenye kikao. Sensa nizifungeje? Ghala ni refu.

Fundi_Mikindani:
Tumia RS-485, njia ya kutuma data kwa waya, inafika hata mita 1,200. Waya mbili zilizosokotwa, zipite sensa moja hadi nyingine bila kuchepusha matawi, na rezista ya omu 120 kila mwisho. Sensa usizipange ukutani tu. Weka nyingine katikati ya malundo ya magunia, karibu na sakafu.