Unapimaje kama mradi umepunguza ndege kweli?

Swali: Wadau naombeni msaada. Nafanya tathmini ya mradi wa mitambo ya upepo na nyaya kubwa za umeme, bosi anasema tuhesabu mizoga ya ndege chini ya mitambo basi imetosha. Roho inaniuma kuandika hakuna madhara wakati hatujui. Nifanyeje?

Jibu: Mizoga peke yake itakudanganya ndugu, maana mbweha wanaibeba usiku asubuhi hukuti kitu, na iliyobaki kwenye majani marefu huioni. Weka mizoga ya majaribio mwenyewe, fuatilia inakaa siku ngapi, halafu mtu mwingine asiyejua ulipoiweka aitafute uone anapata mingapi, ndo unasahihisha hesabu. Mbwa waliofundishwa wanapata mingi kuliko sisi.

Jibu: Naongezea, mlihesabu ndege kabla ya ujenzi? Bila data ya kabla na eneo la kulinganisha lisilo na mradi, huwezi jua wamepungua kwa mitambo au kwa ukame tu.

Muuliza swali: Tulihesabu wiki mbili tu...

Jibu: Ndogo sana hiyo, misimu ya kuhama yote imekupita. Angalieni hasa tumbusi na tai wakubwa, hawa wanazaa taratibu mno, wengi yai moja tu kwa msimu, wakifa wachache tu kila mwaka idadi inashuka. Na wengine hawafi kabisa, wanakimbia eneo wanaacha viota, hapo mzoga utauona wapi?