Tupeane uzoefu: ulishawahi kufika kituoni na tiketi mkononi ukaambiwa siyo yenyewe?

Wakuu habari za muda huu, naanza mwenyewe. Nilikata tiketi ya basi kwa simu, ikaandika tarehe 15 saa 00:30, mi ikaniingia kichwani kwamba naondoka tarehe 15 usiku basi. Siku yenyewe nikashinda nafua nguo za safari, usiku nabeba begi hadi kituoni, yule kijana wa kukagua anaskani mashine inalia vibaya, anaangalia simu, ananiangalia mimi, "braza hili limeondoka jana usiku". Jana tena wakati tarehe 15 ndo leo?? Kumbe 00:30 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia 15, yaani nilitakiwa nitoke nyumbani tarehe 14 baada ya kula. Siti yangu imesafiri peke yake na hela hairudi. Haya na nyie mlipigwa wapi?

— Afadhali yako mkuu. Mamkubwa alisoma 02:00 akasema saa mbili asubuhi, akafika saa moja na nusu kajitanda khanga mpya, anawagombeza watu mbona gari halionekani. Ilikuwa saa nane usiku. Siku hizi hakati tiketi mpaka mtu amsomee.

— Mimi nilipigwa na mashine ya kukatia tiketi za treni. Inauliza kanda ngapi (yale maeneo ya nauli unayopita), kwenda tu au na kurudi, saa za msongamano au la, na nyuma kuna foleni, jamaa mmoja anaguna kila nikirudi mwanzo. Nikabonyeza ya bei rahisi yaishe. Ilikuwa ya mtoto 😂 Mkaguzi akaangalia tiketi, akaangalia ndevu zangu, hakuongea kitu, akaanza kuandika faini.

— 😂😂😂 ndevu!

— Mi nilikuwa na tiketi halali kabisa ila sikuigonga kwenye kale kamashine ka mlangoni kanakopiga tarehe na saa. Nikalipishwa kama sina. Kwa mkaguzi tiketi ambayo haijagongwa unaweza kuitumia hata kesho, kwa hiyo hapo namuelewa, ila iliniuma.

— Ongezea hizi za siku moja. Zingine zinahesabu masaa 24 toka ulipogonga, zingine saa sita usiku zimekufa hata kama umenunua jioni. Ulizeni kabla.

— Nilimkatia mdogo wangu, programu ikajijazia jina langu sikuona. Kitambulisho na tiketi watu wawili, akabaki.

— Mleta uzi hujamalizia, ulisafiri au ulirudi na begi?

— Nilisafiri aisee, ya 06:00. Nilimuuliza yule kijana mara tatu hiyo ni saa kumi na mbili asubuhi hii inayokuja au ya kesho kutwa, mara ya tatu hakujibu. Nikalala pale pale kituoni.