Naomba ushauri: kompyuta ya ushahidi iliwashwa kabla ya diski kunakiliwa

Ndugu wanachama, salaam. Ninakisaidia chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Tanzania kuchunguza hati za malipo zinazoshukiwa kughushiwa. Kabla sijaitwa, fundi wa ofisi aliiwasha kompyuta inayohusika, akafungua mafaili kadhaa na kuyanakili kwenye flashi, hivyo baadhi ya tarehe huenda zimebadilika. Nia yake ilikuwa njema, lakini nia haisomeki kwenye diski.

Baada ya kukabidhiwa, niliinakili diski nzima kupitia kifaa kinachozuia kuandikwa chochote juu yake, nikakokotoa alama ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika data ikiguswa hata kidogo) ya diski na ya nakala, zikalingana. Diski imefungwa kwa lakiri na kila anayeishika husaini daftari la makabidhiano. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa aina hii, iangalie jinsi taarifa zilivyotengenezwa, zilivyohifadhiwa na zilivyolindwa zisibadilike. Shida ni kwamba alama yangu inathibitisha hali ya diski tangu nilipoipokea tu, wala haisemi lolote kuhusu saa zile za fundi.

Je, kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha kompyuta iliwashwa lini na faili gani zilifunguliwa, zikiambatana na kiapo cha fundi mwenyewe, zinaweza kuziba pengo hilo? Na ile flashi yake, niiorodheshe kama kielelezo kinachojitegemea au niitaje ndani ya kiapo pekee?