"Mpangaji kaa chini"!! Yaani hela ya taka nitoe ila swali nisiulize?

Tokeni Imekata
Wakuu salama? Mimi si salama. Nimetoka sasa hivi kwenye mkutano wa mtaa, mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukwa mnisamehe.

Simtaji. Mnamjua. Mwenyekiti wetu wa mtaa, yule yule wa miwani ya kamba, anayegonga muhuri mpaka meza inahama, yule ambaye ukifuata barua ya utambulisho lazima "uchangie karatasi" hata kama umekuja na karatasi yako. Huyo huyo.

Basi leo kasoma mapato na matumizi. Kasoma kwa spidi ya mtangazaji wa mpira dakika ya tisini, hela ya taka, hela ya ulinzi shirikishi, mchango wa taa ya kona ambayo haijawaka tangu Nuhu ashuke kwenye safina, halafu mwishoni kabisa akapunguza sauti, "na matumizi mengineyo". Wakuu, hiyo mengineyo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote! Ukijumlisha taka na ulinzi bado mengineyo inawapita. Watu kimya, wengine wanaangalia viatu. Nikanyoosha mkono. Kwa adabu kabisa, nikaanza na shikamooni wazee wangu, nikasema mheshimiwa naomba kufahamu matumizi mengineyo ni yapi.

Akashusha miwani. Akanipima kuanzia kandambili mpaka utosini. Akasema "wewe si umepanga kwa mama pale? Mpangaji kaa chini, waache wenye mtaa waongee."

Mpangaji. Kaa. Chini.

Mbele ya wazee, mbele ya watoto, mbele ya muuza karanga aliyekuwa anapita zake akaona bora asimame acheke kwanza biashara baadaye. Na aliyecheka kuliko wote, aliyepiga mpaka makofi, ni mama mwenye nyumba wangu, ambaye kodi ya miezi sita nimemlipa juzijuzi tu, noti bado zina joto.

Wenye mtaa ndio akina nani sasa? Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na LUKU ya ile nyumba nanunua mimi, kila mwezi naona kabisa wamekata chao, mwenye nyumba hata mita hajui iko ukuta gani. Oktoba 2024 walivyokuwa wanapita kutuhimiza tukajiandikishe kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa hakuna aliyeuliza umepanga au umejenga. Siku zile nilikuwa "mkazi", nikaitwa mpaka "kijana wetu". Leo nimeuliza mengineyo nimegeuka mpangaji. Kaa chini!

Na alinyoosha kidole, nimesahau kusema kidole. Kaa chini na kidole juu.

Bibi Kigoda
Nimecheka kwa sauti ofisini. Kwa hiyo ulikaa au hukukaa?

Nguzo Tatu
Swali la Bibi Kigoda lijibiwe kwanza ndio tuendelee na mada

Dokta Mchongo
Mleta mada umeonewa lakini na wewe, mtu anasoma mapato na matumizi halafu unauliza matumizi? Ulitaka mkutano uishe saa ngapi?

Tokeni Imekata
@Bibi Kigoda suala sio kukaa mkuu, suala ni KAULI. Mtu mzima na akili zake anasimama mbele ya kadamnasi anasema mpangaji kaa chini, tena kwa mtu aliyeanza na shikamoo!

Bibi Kigoda
Amekaa huyu

Fundi Rangi
Alikaa, tena haraka

Mzigo wa Kuni
Tuwe wakweli, sheria iko wazi. Mkutano wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, hakuna sehemu imeandikwa uje na hati ya kiwanja. Mpangaji anapiga kura, mpangaji anaweza hata kugombea huo uenyekiti. Ungemjibu hapohapo.

Fundi Rangi
@Mzigo wa Kuni angemjibu vipi wakati ameshakaa

Nyumba Ndogo Jirani
Mimi ni mwenye nyumba na niseme tu, nyie wapangaji mna matatizo. Kwenye mkutano mko mbele, siku ya kuzibua choo wote mna safari. Nina mmoja hapa kwangu anadai yeye "hatumii sana" choo kwa hiyo hachangii gari la maji taka. Hatumii sana! Anakaa humo ndani na kusoma simu mpaka mchana, watoto wanachelewa shule.

Chura wa Bomba
Ukisikia matumizi mengineyo ndio hayo sasa

Tokeni Imekata
@Nyumba Ndogo Jirani mkuu choo chako kinahusiana nini na mimi? Nimesema nimeambiwa KAA CHINI na mtu ambaye mshahara wake siuoni lakini kila mwezi ana bati jipya. Na hiyo kodi ya majengo mbona hamuigusi?

Mzigo wa Kuni
Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, wewe ukikatwa kwenye LUKU ni kwa sababu mita ndio njia ya kukusanyia. Unatakiwa mkubaliane, umkate kwenye pango.

Bibi Kigoda
@Tokeni Imekata nenda kamkate leo jioni, kesho utuletee mrejesho ukiwa na godoro kichwani

Kipusa wa Kona
Halafu wewe mleta mada hujui kulalamika. Mwenzio huku kwetu mkutano wenyewe hauitishwi. Tunaona karatasi kwenye ubao wa matangazo "mkutano ulifanyika" na mahudhurio yamesainiwa, mpaka marehemu jirani yangu amesaini. Wewe umeitwa, umesomewa, umetukanwa kwa mdomo. Shukuru.

Dokta Mchongo
Hahaaa marehemu yeye hakuambiwa akae chini

Nguzo Tatu
Tuongelee mambo ya maana, hivi ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ya kukopesha vikundi kuna mtu ameiona kwa macho? Nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Waliisimamisha 2023 wakairudisha kwa utaratibu mpya, sisi tumeandika katiba ya kikundi, tumefungua akaunti, tumepiga picha na mizinga ya nyuki ya kuazima, mpaka leo jalada "liko kata". Ukienda kata liko manispaa. Manispaa wanakuuliza kwani mtaa walisemaje. Wakati huo kikundi cha "vijana" cha mtaa wa pili kimepata, katibu wao ana wajukuu.

Chura wa Bomba
@Nguzo Tatu kijana ni moyo mkuu

Kipusa wa Kona
Mizinga ya kuazima na unataka hela ya umma, makubwa

Nguzo Tatu
Kila kikundi kinaazima dada, usitufanye wajinga

Tokeni Imekata
Jamani mbona mnahama. Mada ni kauli. Hebu fikirieni, nimesimama, mkono uko juu, nimesema shikamooni, watu wamenigeukia, mtu anashusha miwani TARATIBU ili nimuone anavyonidharau. Mpangaji kaa chini. Na mimi nilikuwa nimesimama kwa sababu VITI HAKUNA, viti vyote wamekalia wenye nyumba na wajumbe, sisi tumepanga mstari ukutani. Nikae chini wapi?

Bibi Kigoda
Subiri kidogo. Kwa hiyo ulikaa kwenye mchanga?

Fundi Rangi
UZI UFUNGWE

Dokta Mchongo
Hahahaha na suruali ya kazini nadhani

Tokeni Imekata
Nilichuchumaa. Kuchuchumaa sio kukaa.

Mzigo wa Kuni
Kisheria hapo kuna utata

Bati Jipya
Mimi nauliza tu, hiyo mengineyo mbona mnaifanya kubwa? Ofisi ya mtaa ina wino, ina karatasi, ina wageni. Wageni wanakunywa soda.

Fundi Rangi
@Bati Jipya umejiunga leo hii, jina Bati Jipya, unajua na idadi ya soda. Karibu sana mheshimiwa.

Chura wa Bomba
😂😂 amekuja mwenyewe

Bati Jipya
Mimi sio yeye. Mimi ni mwananchi wa kawaida ninayefahamu taratibu za fedha.

Kipusa wa Kona
Mwananchi wa kawaida vua miwani

Mama Kizingiti
Na barabara je? Greda likipita siku ya mgeni wa serikali linakwangua mpaka mgeni aishie, nyumba ya pili baada ya hapo mashimo yamebaki palepale. Tukimuuliza diwani anasema barabara zilihamia kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017, yeye hahusiki. Wakati wa kampeni alikuwa anahusika na kila kitu, mpaka mvua aliahidi kuongea nayo.

Dokta Mchongo
Nyie mnahangaika na mwenyekiti wa mtaa, halmashauri nzima ya Jiji la Dar ilivunjwa 2021 kwa siku moja, Ilala ikapewa hadhi ya jiji, na asubuhi yake watu wakaendelea kuosha vyombo. Mtaa wenu ukivunjwa mtajua kwa kukosa muhuri.

Mama Kizingiti
Mie muhuri sina shida nao, shida yangu gari la taka. Hela linakuja kuchukua kila mwezi kwa wakati, taka zenyewe linapita wiki likijisikia. Na lile honi lao linapigwa alfajiri, ukitoka mbio na kiroba na kanga moja unakuta limeshakata kona, dereva anakuona kabisa kwenye kioo.

Nyumba Ndogo Jirani
Linapiga honi? Kwetu haliongei, linapita kimyakimya kama linadaiwa.

Chura wa Bomba
Dereva wa kwetu ukimpa ya soda anarudi rivasi mpaka mlangoni

Mama Kizingiti
Sasa kumbe ni wewe unayetuharibia! Alinitajia jana eti "wenzako wanatoa". Kiwango kimepangwa na manispaa, stakabadhi ipo, wewe unatoa ya soda, sisi wengine tuishi wapi?

Chura wa Bomba
Mama nina familia ya watu tisa, kiroba changu kina uzito wa mtu. Siwezi kukimbia nacho.

Mama Kizingiti
Punguza kula maembe basi! Nimepita kwako, pipa zima ni makokwa, nzi wanatoka huko wanakuja kwangu kupumzika

Chura wa Bomba
Nzi wangu wana alama?

Nguzo Tatu
Kuna mtu ana mawasiliano ya huyo dereva wa rivasi? Naomba inbox